Kinga ya jina: namna ya kupanga nafasi kuzunguka nembo ya maandishi matupu

Miaka michache iliyopita nilimtengenezea mama mmoja nembo ya duka lake la vitambaa. Hakutaka picha ya cherehani wala ua. Alitaka jina tu, liandikwe vizuri. Jina lenyewe silitaji, ila lilikuwa neno la Kiswahili la kila siku, tuseme Subira. Nikampelekea fundi wa mabango faili niliyoikata hadi kwenye ncha za herufi, pamoja na ujumbe wa maneno mengine ya kuweka pembeni. Bango likatundikwa, nalo likawa linasomeka kwa pumzi moja: "subira tunafungua saa 2 asubuhi". Wapita njia waliona tangazo la kuwataka wavute subira. Jina la duka hawakuliona. Mama yule aliniita nisimame ng'ambo ya barabara nilisome mwenyewe.

Herufi zilikuwa safi na rangi ilikuwa ileile tuliyokubaliana. Fundi hakukosea kitu, maana hakuna nilichomwambia kuhusu pengo la kuacha. Tangu siku ile sikabidhi nembo ya maandishi bila nafasi yake ya kinga, yaani eneo tupu linaloizunguka pande zote, ambalo hakuna neno, picha, mstari wala ukingo wa karatasi unaoruhusiwa kuingia. Hapa naeleza ninavyoipanga, kuanzia kuchagua kipimo hadi kumkabidhi fundi.

Kwa nini maneno matupu yana tabu yake

Nembo ya picha ikisogelewa na maneno hubaki picha. Simba akiandikiwa namba ya simu chini ya miguu yake bado ni simba. Nembo ya maneno ikisogelewa na maneno hugeuka sehemu ya sentensi. Na sisi tunapenda kuyapa maduka, saluni na shule zetu majina yenye maana: Amani, Upendo, Jitegemee, Tumaini. Kila moja la majina hayo linaweza kuanza sentensi, na likipata jirani wa karibu litaianza.

Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer aliandika jinsi jicho linavyokusanya vitu vilivyo karibu na kuviona kundi moja. Ndivyo tunavyosoma: herufi zilizo karibu ni neno, maneno yaliyo karibu ni mstari. Kwa hiyo sheria mama ya kazi hii ni kwamba pengo la nje ya nembo lazima lilizidi waziwazi pengo kubwa kuliko yote lililo ndani yake. Kama umeandika jina kwa herufi kubwa zilizoachanishwa sana, kama wanavyopenda wauza manukato na mahoteli ya ufukweni, pengo la ndani ni kubwa, na la nje linatakiwa kuwa kubwa zaidi. Wengi husahau hilo kabisa.

Wanawake wa pwani wanaijua sheria hii kwa macho. Itazame kanga: ina pindo, ina mji, ina jina. Mji hata ukijaa mikorosho na maua, kwa kawaida jina limetengewa mahali pake ndani ya mji, mara nyingi kwenye kisanduku, na ua halilali juu ya herufi. Ukimtandazia mtu kanga mbele yake anasoma jina kabla hajauangalia mchoro.

Na pengo si utupu wa bure. Nembo ya FedEx, aliyoichora Lindon Leader mwaka 1994, ni maandishi matupu, lakini katikati ya E na x kuna mshale uliofanyika kwa nafasi tu, bila wino wowote. Nafasi pale ni umbo kamili.

Hatua ya kwanza: maliza jina lenyewe

Usipime kitu ambacho bado kinabadilika. Kwanza funga maamuzi yote ya ndani: fonti, herufi kubwa au ndogo, umbali wa herufi na herufi, na kama kaulimbiu ni sehemu ya nembo au inakaa peke yake. Kaulimbiu ikiwa sehemu ya nembo, umbali wake na jina uwe mdogo kuliko nafasi ya kinga ya nje. Mimi huweka nusu ya kinga. Zikilingana, kaulimbiu itaonekana kama mgeni aliyekuja kusimama karibu.

Kisha yageuze maandishi kuwa michoro. Kwenye CorelDRAW ni Ctrl+Q, kwenye Illustrator ni Shift+Ctrl+O, kwenye Inkscape ni Shift+Ctrl+C. Hifadhi nakala moja yenye maandishi yanayoharirika, ufanye kazi na ile iliyogeuzwa. Sababu ya kwanza unaijua: kompyuta ya fundi isiyo na fonti yako itaweka fonti nyingine. Sababu ya pili ndiyo inayohusu vipimo. Maandishi yakiwa bado maandishi, kisanduku kinachoyazunguka hakifuati wino. Kinaacha nafasi ya mikia (kama ule wa j) na vichwa (kama kile cha b) hata kama neno lako halina mkia wala kichwa, na pembeni kila herufi ina upenyo wake mdogo iliopewa na aliyeunda fonti. Ukipima kutoka kwenye kisanduku hicho, unapima kutoka hewani. Baada ya kugeuza, kisanduku kinabana kwenye wino wenyewe.

Hatua ya pili: chagua kipimo kinachokua na jina

Usiandike kwamba nafasi ya kinga ni sentimita 2. Sentimita 2 kwenye kadi ya biashara ni jangwa, na kwenye ukuta wa ghala hazionekani. Kipimo kitoke ndani ya jina lenyewe, ili jina likikuzwa nacho kikue, likipunguzwa nacho kipungue.

Wazo hili ni la zamani. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad na bingwa wa khati, yaani sanaa ya mwandiko, aliyefariki mwaka 940, aliweka utaratibu wa kupima herufi za Kiarabu kwa nukta ya kalamu yenyewe na kwa urefu wa alifu. Ikiwa nembo unayoishika imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama unavyoweza kuziona Zanzibar, Lamu na Muscat, fuata njia hiyohiyo: chukua urefu wa alifu, au hesabu idadi maalumu ya nukta. Usihangaike kuitafutia mstari wa herufi za Kilatini ambao haina.

Kwa herufi za Kilatini, wachapaji wa dunia hutumia kimo cha herufi ndogo ya x, kwa sababu juu na chini yake ni bapa. Kiswahili hakina x katika maneno yake, lakini kina z, nayo ni bapa vilevile. Mimi hutumia z. Andika z moja kwa fonti ileile na ukubwa uleule wa jina, igeuze kuwa mchoro, halafu soma kimo chake. Usipime kwa s, o au a, kwa kuwa herufi za duara huchorwa zikizidi kidogo juu na chini ya mstari ili jicho lizione sawa na wenzake. Utapata kimo cha uongo. Fonti ikiwa ya mwandiko na z yake ina mkia, tumia u. Jina likiwa la herufi kubwa tupu, tumia kimo cha Z kubwa au H.

Tuchukue "subira" kwa herufi ndogo, fonti nyoofu ya kawaida. Tuseme z yake ina kimo cha milimita 20. Kichwa cha b kinafika 29 kutoka mstari ambao herufi zimekalia. Upana wa neno zima ni 112. Ukizungushia z moja pande zote unapata mstatili wa milimita 152 kwa 69. Kariri hizo namba, tutazitumia hadi mwisho.

Kwa nini z moja, si nusu wala tatu? Katika fonti nyingi nafasi kati ya neno na neno ni karibu robo ya ukubwa wa fonti, na kimo cha z ni karibu nusu. Maana yake z moja ni kama nafasi mbili za maneno. Kwa jirani aliye mdogo kuliko jina lako hiyo inatosha, kwa kuwa tofauti ya ukubwa inasaidia kuwatenga. Kwa jirani aliye na kimo kilekile, rangi ileile, haitoshi. Jicho litaruka pengo na kuendelea kusoma. Kwa hiyo kanuni yangu ina sehemu mbili, nami huiandika hivyo kwenye kila mwongozo wa kutumia nembo: z moja ndicho kiwango cha chini kabisa, na jirani akiwa maandishi yenye kimo sawa au kikubwa kuliko jina, ni z mbili. Miongozo mingi niliyoiona inataja kipimo kimoja tu. Kwa nembo ya picha ni sawa. Kwa nembo ya maneno sidhani kama kinatosha.

Hatua ya tatu: mlete jirani umjaribu

Usiniamini mimi wala hesabu zangu. Chapa jina kwenye karatasi, upana wa kiganja hivi, ulikate kwa mkasi hadi karibu na herufi. Chukua gazeti, tafuta kichwa cha habari chenye kimo kinachokaribiana na jina lako. Kiweke mezani, kisha weka jina kushoto kwake, kwenye mstari mmoja, mpaka karatasi zigusane. Soma kwa sauti. Sasa lisogeze jina taratibu kushoto, huku ukisoma tena na tena. Kuna mahali ambapo sauti yako itasita yenyewe baada ya jina. Pale weka alama ya penseli na upime ni z ngapi. Rudia kwa jirani mdogo, maandishi ya kawaida ya habari. Rudia ukiliweka jina juu ya kichwa cha habari badala ya pembeni.

Jaribio la pembeni ndilo kali, kwa sababu tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Juu na chini jicho lina uvumilivu zaidi. Lakini usiweke vipimo viwili tofauti vya pembeni na vya juu, fundi atavichanganya. Chukua kile kikubwa ukitumie pande zote nne.

Umwite mtu mwingine asome pia, hasa asiyelijua jina hilo. Wewe umeshalizoea, utaliona hata likifunikwa.

Hatua ya nne: chora uzio

Chukua ile z uliyoigeuza, tengeneza mraba ambao kila upande ni sawa na kimo chake. Huo mraba ndio rula yako. Uweke ukigusa ukingo wa kushoto wa herufi ya kwanza, mwingine kulia, mwingine juu ya ncha ya juu kabisa, mwingine chini. Chora mstatili unaopita kwenye kingo za nje za miraba hiyo minne. Huo ndio uzio.

Ncha ya chini ni ipi? Hapa ndipo watu hubishana. Neno "subira" halina mkia, basi ni mstari ambao herufi zimekalia. Chukua neno "jahazi": j inashuka chini peke yake, zilizobaki zimekaa juu. Kwa kinga, pima kutoka ncha ya mkia. Mkia ni wino, nao unaweza kugongwa na maneno ya chini kama herufi nyingine yoyote. Nimeona miongozo inayopuuza mkia ili uzio upendeze, na matokeo yake ni namba ya simu iliyoning'inia kwenye ndoano ya j.

Lakini kuweka jina katikati ni suala lingine, usilichanganye na kinga. Katika "subira" mwili wa neno, yaani s, u, r na a, uko chini ya uzio: juu yake kuna z moja na zile milimita 9 za kichwa cha b, chini kuna z moja tu. Ukiuweka uzio huo katikati ya bango kwa hesabu, jina litaonekana limezama. Linyanyue kidogo kwa jicho. Mimi huanza na theluthi ya kile kichwa, hapa milimita 3, halafu narudi nyuma hatua kadhaa nitazame. Neno lenye mikia na vichwa pande zote, kama "jahazi", hujisawazisha lenyewe.

Alama ndogo za biashara, ® au ™, zikae ndani ya uzio wala zisihesabiwe kama mwisho wa jina. Ukianza kupima kutoka kwenye ® upande wa kulia utavimba bila sababu na jina halitakaa katikati tena.

Hatua ya tano: uingize uzio ndani ya faili

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hii. Mwongozo wa kurasa kumi hausomwi na fundi mwenye foleni ya wateja. Faili analifungua kila mara. Nafasi iliyoandikwa kwenye mwongozo huombwa. Nafasi iliyo ndani ya faili ipo tayari.

Kwenye programu ya kuchora, uchukue ule mstatili wa uzio, uuondolee rangi ya ndani na mstari wa nje, usionekane kabisa, kisha uufunge pamoja na jina kuwa kundi moja. Sasa mtu akiivuta nembo hadi pembeni mwa kitu kingine, kinachogusa ni uzio, na jina linabaki z moja ndani. Akibonyeza amri ya kupanga katikati, uzio ndio unaopangwa.

Kwenye SVG, yaani faili la mchoro linaloandikwa kwa msimbo, kuna njia nyepesi zaidi. Tuseme mchoro wako wa jina una vizio 1120 kwa 290, na kona yake ya juu kushoto iko kwenye sifuri. Kimo cha z ni 200. Usisogeze herufi hata moja. Badilisha viewBox tu, yaani dirisha ambalo mchoro unaonekana ndani yake, iwe hivi: viewBox="-200 -200 1520 690". Namba mbili za mwanzo zinalirudisha dirisha nyuma kwa z moja kushoto na juu. Mbili za mwisho ni upana na kimo pamoja na kinga za pande zote. Acha pia ule mstatili usioonekana ndani yake, kwa sababu baadhi ya programu zikiingiza SVG huchukua vitu vilivyochorwa tu na kulitupa dirisha.

PNG, yaani faili la picha ya kawaida, itoe kwa ukubwa wa uzio, si wa herufi, yenye mandharinyuma ya uwazi. Ukiipitisha WhatsApp itume kama hati. Ikitumwa kama picha hubanwa, uwazi hupotea, na mtu wa upande wa pili ataanza kukata kingo mwenyewe ili kuondoa usuli asioutaka. Nafasi yako yote itakwenda na makato hayo.

Pamoja na hayo, tengeneza faili la pili lililokatwa hadi kwenye herufi. Fundi wa stika anayekata kwa plota na mdarizi wa fulana wanahitaji herufi zenyewe, na mtengeneza tovuti atalitaka pia, kama utakavyoona. Majina ya mafaili yaseme wazi: subira-na-nafasi, subira-bila-nafasi. Hilo la pili usimpe kila anayeomba.

Hatua ya sita: tovuti

Mtengeneza tovuti ataweka nembo kimo cha pikseli 40, aone maandishi ni madogo, na aikate. Hana kosa. Katika faili lenye nafasi, herufi ni 290 kati ya 690 za kimo, kwa hiyo kwenye pikseli 40 herufi zinapata chini ya 17. Mpe hesabu mapema: ukitaka herufi zenye kimo cha pikseli 24, faili zima liwekwe 57. Au mpe lile lililokatwa, na kinga iwekwe kwa padding, yaani nafasi inayozunguka kitu, kwenye msimbo.

Jina likiwa maandishi hai kwenye ukurasa, si picha, CSS, lugha ya kupangia sura ya ukurasa, ina kipimo kilichokuja kama kimetengenezwa kwa kazi yetu: ex, ambacho ni kimo cha herufi ndogo cha fonti inayotumika. Andika padding: 1ex na umepata z moja pande zote, na jina likikua kwenye skrini kubwa nafasi inakua nalo. Weka pia line-height (kimo cha mstari): 1, la sivyo kivinjari kinaongeza nafasi yake juu na chini na pembeni panabaki pembamba. Hata hivyo kisanduku cha maandishi bado kitakuwa na hewa kidogo juu na chini, kwa sababu ileile ya hatua ya kwanza. Punguza padding ya juu na chini mpaka jicho likubali.

Duara la WhatsApp na Instagram

Picha ya wasifu hukatwa kuwa duara, na nembo ya maneno ni mstatili mrefu. Mstatili wetu wa 1520 kwa 690 una mshazari wa karibu 1669, nao ndio kipenyo cha duara dogo kuliko yote linaloweza kuubeba. Jina linabaki na 1120 kati ya hizo, asilimia 67 ya kipenyo. Ukipunguza kinga hadi nusu z, jina linapanda hadi kama asilimia 80. Hapa naruhusu nusu, kwa kuwa ndani ya duara hakuna jirani mwingine. Kuna ukingo tu.

Lakini ikiwa jina lina herufi zaidi ya nane hivi, usilibanebane. Kwenye orodha ya mazungumzo ya simu duara hilo ni dogo kuliko ukucha, na jina litakuwa mstari wa vumbi. Chora herufi ya kwanza peke yake kwa fonti ileile, iwe ndiyo sura ya duara, yenye kinga yake. Ukitengeneza ikoni ya programu ya Android, turubai ni dp 108 (dp ni kipimo cha skrini cha Android) na eneo lisilokatwa ni dp 66 tu katikati, basi hata hiyo herufi moja ikae humo.

Kadi, bango, bajaji

Ukingo wa karatasi ni jirani. Watu hukumbuka maneno wakasahau ukingo. Kwenye kadi ya milimita 85 kwa 55, tuseme z ni milimita 5, basi jina lina upana wa 28. Kinga ni 5, lakini kisu cha mchapaji huweza kuhama kidogo, hivyo ongeza 3 za usalama: jina lisifike karibu zaidi ya milimita 8 kutoka ukingoni. Na hata nembo ikiwa ndogo kiasi gani, mimi sishuki chini ya milimita 3 za kinga kwenye karatasi. Chini ya hapo wino ukitanuka na mkono ukitetemeka, hakuna kinachobaki.

Bango la kutundika lina mapindo na matundu ya kamba. Muulize fundi anakunja sentimita ngapi kabla hujapanga chochote. Tuseme bango la mita 3 kwa 1, na anakunja 5 kila upande. Umebakiwa na 290 kwa 90. Uzio wa "subira" ukijaza kimo chote cha 90 utakuwa na upana wa karibu sentimita 198, z itakuwa 26, na jina lenyewe 146. Zinabaki sentimita 92 za saa za kufungua na namba ya simu. Panga hayo kwenye mistari miwili au mitatu, kila herufi kubwa yao isizidi z, na z moja inatosha kuwatenga. Hivi ndivyo nilivyolirudia bango la yule mama, kwa gharama yangu.

Kwenye bajaji na magari, kinga huvamiwa na chuma. Mpenyo wa mlango, kitasa, bawaba, taa na mpira wa kioo vyote ni mistari, na jicho haliulizi kama mstari umechorwa au umetengenezwa kiwandani. Piga picha ya upande wa gari ukiwa umesimama sawasawa, iweke kwenye kompyuta, tandaza uzio juu yake. Ukikuta kitasa ndani ya uzio, punguza jina. Usipunguze uzio.

Rangi na picha nyuma ya jina si uvamizi zikiwa tulivu. Jina juu ya kitenge au picha ya umati ni suala jingine: kila tawi na kila uso ni jirani. Weka kipande cha rangi moja nyuma ya jina, na kipande hicho kiwe na ukubwa wa uzio, si wa herufi.

Nembo nyingi zikipangwa pamoja, kama za wafadhili chini ya tangazo la mashindano, usijumlishe kinga za majirani wawili, utamaliza karatasi. Chukua kinga kubwa kati ya hizo mbili. Lakini majina mawili ya maandishi matupu yakikaa bega kwa bega, yatenge kwa mstari mwembamba wima, z moja kila upande wake. Bila mstari huo "Amani" na "Upendo" watasomwa kama shirika moja.

Karatasi moja ya kumpa fundi

Usimpe kitabu. Mpe karatasi moja yenye picha tatu na maneno machache. Picha ya kwanza ni jina na uzio wake kwa mstari wa nukta, na ile miraba ya z minne ikionekana. Ya pili ni jina na jirani mdogo kwa z moja. Ya tatu ni jina na jirani mkubwa kwa z mbili. Chini andika kama unavyoongea naye: "Fundi, sanduku hili tupu usilikate, ni sehemu ya nembo. Nafasi ikikosekana punguza jina lote pamoja na sanduku lake. Ukikwama nipigie kabla hujachapa."

Omba akutumie picha ya kazi ilivyopangwa kabla haijaingia kwenye mashine. Na siku ya kuchukua bango nenda na futi kamba. Pima kimo cha u kwenye jina, ambacho ni karibu sawa na z, pima pengo hadi herufi ya kwanza ya maneno yanayofuata. Pengo likiwa fupi kuliko u, sema palepale, kabla ya kumalizia malipo.